Mashine ya Kumsemea Mwali

Niliposikia sauti yake barazani nilidhani nimeanza kuweweseka. Mtu aliyefungiwa chumba kimoja, asubuhi anasuguliwa liwa na jioni anasuguliwa liwa, anaweza kusikia chochote. Lakini sauti ikaja tena, taratibu, kwa ile adabu yake ya kwao Gairo inayoniudhi na kunimaliza kwa wakati mmoja.

"Hodi wenyewe. Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba. Karibu fundi, karibu," mjomba alijibu. "Barabara yetu imekutesa?"

"Si sana, mzee. Kule juu mvua imeichafua, ikabidi tushuke kwenye pikipiki tuisukume."

"Ndiyo Mkuyuni hiyo. Keti kwanza upate chai."

Hafidhi. Hafidhi wangu, barazani kwa Mjomba Sufiani, anakaribishwa chai! Nilishtuka hata nikampiga teke Bi Pili, somo wangu, aliyekuwa ameushika mguu wangu anausugua.

"We mtoto!" Akanibana kifundo. "Umeona nyoka?"

"Nani huyo aliyekuja, somo?"

"Mwali haulizi wageni." Akaendelea kusugua. Lakini habari haijawahi kumkaa Bi Pili kooni kwa muda mrefu. Alisugua kidogo, akaangalia mlango, akainama. "Ni fundi wa ile mashine ya usingizi. Mjomba wako kamwita kutoka mjini aje akupime."

"Anipime nini? Mimi naumwa?"

"Akupime kama unamtaka Abdi."

Nililala nikatazama bati. Sikujua nicheke au nilie.

Mimi nilikuwa na maisha yangu mjini. Nilimaliza masomo Mzumbe, ajira niliyoiota haikuonekana, nikapata kiti katika ofisi ya kukata tiketi za mabasi pale Msamvu. Hapo ndipo nilipomjua Hafidhi. Alikuja na begi lake la nyaya kuwaomba madereva wamjaribie kifaa alichokibuni: miwani yenye kamera ndogo inayofuata mboni za macho, na vipete viwili vya kitambaa vinavyobana vidole na kusoma unyevu wa ngozi. Dereva akianza kusinzia, macho yanakuwa mazito, ngozi nayo inabadilika, na kifaa kinapiga kelele kabla basi halijaingia korongoni. Madereva walimcheka wakakiita mashine ya usingizi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mpaka siku aliponivalisha miwani ile kwa utani, nikashindwa kuyaondoa macho usoni kwake. Tulipendana, tena sana, na nyumbani kwetu hakuna aliyejua.

Kisha ikaja simu kwamba bibi yangu yu mahututi. Nikapanda gari la kwanza. Nilimkuta bibi uani anatafuna muhogo wa kuchoma, mzima wa afya, anakwepa kunitazama. Bi Pili alikuwa ameshatandika kitanda cha mwali. Simu yangu ilichukuliwa kwa maneno matamu, na nilipouliza naolewa na nani, nikaambiwa na Abdi, mtoto wa mjomba. Abdi mwenyewe yuko Ifakara na biashara zake za mchele, na sidhani kama hata yeye aliulizwa.

Sababu naijua. Kwetu Uluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Mjomba ameilima ardhi ya lukolo letu, yaani ukoo wa upande wa mama, kule mlimani maisha yake yote, iliki kapanda yeye, karafuu kapanda yeye, lakini akifa, mwanawe hana chake pale. Lenye haki ni tumbo la dada yake, yaani mimi na dada yangu Faraja. Abdi akinioa mimi, jasho la baba yake linabaki na wajukuu wake. Ningekuwa mimi ndiye mjomba, huenda na mimi ningefikiri hivyo hivyo.

"Na mjomba mashine kaijulia wapi?" nilimuuliza Bi Pili.

"Alipanda basi la kutoka Dodoma. Dereva kavishwa mamiwani. Kufika karibu na Gairo mashine ikalia. Dereva anasema sijasinzia, mashine inasema umesinzia, abiria wote wakaiunga mkono mashine. Mjomba wako kuja hapa anasema, kumbe kuna kitu kinajua la ndani ya mtu kuliko mwenyewe. Akaomba namba ya fundi." Alinigeuza mguu wa pili. "Hataki yale ya Faraja. Faraja alipoulizwa alinyamaza, tukapiga vigelegele, akaozwa. Umesahau alivyotoroka na aibu aliyotuachia? Sasa wewe ukinyamaza, mjomba wako anataka ajue unanyamazia nini."

Nikaanza kucheka kimoyomoyo. Mungu si Athumani! Mimi nilikuwa sina mdomo wa kumwambia mjomba sitaki, na yeye mwenyewe kaniletea mdomo, tena umebebwa na Hafidhi. Nilikuwa na hakika kifaa kile kitapiga kelele mpaka Matombo wasikie.

Nilitolewa chumbani nikaletwa sebuleni nimefunikwa kanga gubigubi, Bi Pili kanishika bega. Nikakalishwa mkekani. Kwa upenyo wa kanga niliona miguu ya mjomba, miguu ya wazee wawili wa lukolo letu waliokaa kwenye benchi, na soksi za Hafidhi. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidole gumba. Nilimwambia mara ngapi azitupe zile soksi?

"Shikamoo mjomba. Shikamooni babu zangu," nilisema chini chini.

"Marahaba mwanangu. Sasa hapo ndipo mwisho wa kusema," mjomba alisema kwa upole. "Mwali hasemi. Mimi nitauliza, mashine itajibu. Usiogope, haiumi. Fundi, anza."

Hafidhi alipiga magoti mbele yangu. Alinishika mkono wa kulia ili avalishe vipete, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Vipete vikateleza. Akavirudisha, vikateleza tena.

"Ngozi ina mafuta, mzee," alisema bila kunitazama. "Haisomeki. Inabidi vidole vioshwe kwa sabuni."

"Haya mtihani," Bi Pili alinung'unika. "Siku zote hizi nalainisha ngozi ya watu, leo inatakiwa ikwaruze!" Akaenda uani kutafuta maji na sabuni. Mjomba na wazee walikuwa wameinamia kile kishikwambi chenye mstari wa kijani, wanabishana kama ule mstari ndio roho.

"Mjomba wako alipotaja jina lako kwenye simu nikaja mbio," Hafidhi alininong'oneza huku anajifanya kunyoosha nyaya. "Mwana, wamekufanya nini?"

"Wananioza. Nyamaza. Mashine itasema yote."

"Mwana, sikiliza. Hii mashine siyo..."

Bi Pili akaingia na kibeseni. Nikaoshwa vidole, nikafutwa wanja pia, maana fundi alisema unaichanganya kamera. Kanga ikasogezwa usoni, nikavishwa miwani.

"Sasa fuata kidole changu kwa macho," Hafidhi alisema. "Kulia. Kushoto."

"Fundi!" Bi Pili akaruka. "Mwali hamtazami mwanamume."

"Anatazama kidole, mama yangu. Bila hivyo kamera haijui macho yake yako wapi."

Nilikifuata kidole. Kilipita mbele ya shavu lake, kikapita mbele ya ule mdomo wake, kikasimama pembeni ya jicho lake la kushoto, na mimi nikaliona jicho lile jekundu, la mtu asiyelala. Nilitamani mtu yeyote pale sebuleni anielewe kwamba ninayemtaka amepiga magoti hapa hapa.

"Tayari, mzee," Hafidhi alisema, sauti imekwaruza. "Lakini naomba nieleze kwanza kinachopimwa."

"Utaeleza baadaye." Mjomba alijikohoza. "Mwanahawa binti dada yangu. Mimi ni mjomba wako?"

Mstari wa kijani ulitikisika kidogo, ukatulia. Wazee wakaguna kwa kuridhika.

"Inaniheshimu," mjomba akatabasamu. Kisha uso ukabadilika, akavuta pumzi. Niliona kwamba na yeye anaogopa. "Mwanahawa. Umeridhia kuolewa na mwanangu Abdi?"

Sijui niseme nini kilinipata. Joto lilinipanda kutoka miguuni, vidole vikalowa, jina la Abdi likanikaa kichwani na picha ya maisha yangu yote yaliyobaki. Mstari uliruka. Ukaruka tena, ukapita juu ya alama, kishikwambi kikawa chekundu na kifaa kikalia pii pii pii kwa nguvu zake zote. Nikatabasamu. Nilikuwa nimeokoka.

"Imeruka!" Mjomba alisimama wima. "Mmeona? Nimetaja Abdi tu, moyo umemruka!"

"Umeruka haswa," mzee mmoja akasema.

"Anampenda!"

Bi Pili alipiga kigelegele kilichonipasua sikio. Akaongeza cha pili. Huko uani nyumba ya jirani wakakipokea, na yule wa jirani akapokelewa na wa bondeni. Tabasamu langu lilikuwa bado liko usoni, na wao walikuwa wananinyooshea vidole kwa sababu yake.

"Mzee, hapana," Hafidhi alisema. "Mzee, samahani, sivyo."

"Sivyo nini?"

"Hii inapima jasho la ngozi na mwendo wa macho tu. Mtu akiogopa ngozi inatoa jasho. Akipenda, inatoa jasho. Akiwa na hasira, akiaibika, yote mstari unaruka vilevile. Mashine inajua ameshtuka. Haijui kwa nini ameshtuka."

"Kwenye basi mbona ilijua?"

"Kwenye basi inajua dereva amechoka, mzee. Kilichomchosha haikijui."

Mjomba alimtazama. Kwa muda kidogo nilidhani ameelewa. Lakini vigelegele vilikuwa bado vinapanda mlima, na ni vigumu mtu kuelewa kitu wakati majirani wameshafurahi.

"Fundi," alisema, "kazi yako ni kufunga mashine. Kutafsiri tuachie wenyewe. Msichana kashtuka kwa jina la mchumba wake, wewe unataka maelezo gani tena? Isitoshe, kanyamaza. Kunyamaza kwa mwali ni ridhaa, dini inasema na mila inasema. Faraja alinyamaza peke yake. Huyu kanyamaza, na kifaa kimemshuhudia." Akawageukia wazee. "Nampigia Abdi aje. Ijumaa tunafungisha."

Nilimkodolea macho Hafidhi. Sema, nilimwambia kwa macho. Sema ni wewe. Yeye aliinama, akaanza kukunja waya mmoja ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Mjomba na wazee walitoka kwenda barazani kushauriana. Bi Pili alibaki kutulinda, lakini jirani alimwita mlango wa uani apewe habari kamili, naye angepataje kukaa? Alisimama pale kizingitini, mgongo kwetu, anasimulia mstari ulivyoruka.

Hafidhi alinivua miwani. Alianza kulegeza kipete cha kwanza.

"Umeridhika?" nilimuuliza.

"Mwana..."

"Usiniite Mwana. Umekaa hapo unawafundisha habari za jasho! Ungesema tu kwamba mashine imekataa. Neno moja, Hafidhi. Nani angejua?"

"Nilitaka." Alinitazama kwa mara ya kwanza bila kidole katikati yetu. "Wallahi nilifungua mdomo nidanganye. Kigelegele kikanitangulia. Baada ya hapo ningesema imekataa, wangeniona nabahatisha."

"Basi ungesema ni wewe ninayekutaka!"

"Halafu? Watasema fundi kaja kuiba mwali wa watu na mashine yake. Na lile la kweli nililosema, kwamba haipimi mapenzi, nalo litakuwa uongo wangu. Mjomba wako atanitoa nje, na Ijumaa utaolewa palepale. Mimi nimeshafikiria, usidhani sikufikiria."

"Kufikiria kwako ndiko kutakakoniua." Machozi yalianza kunitoka nikayaacha. "Wewe utarudi mjini na mashine yako. Utapata mwingine, mtoto wa watu asiye na mjomba. Mimi nitakuwa hapa nachambua iliki, namzalia Abdi, na kila basi likipanda mlima nitadhani ni wewe."

"Sirudi kupata mwingine."

"Mnasemaga hivyo hivyo."

"Nani anasema? Mimi nimeanza kupenda lini mpaka nikajua wanavyosemaga?" Sauti ilimpanda, akaishusha haraka. Bi Pili hakugeuka. "Sikiliza. Neno langu humu ndani halina kazi tena, na la mashine wameshalichukua. Limebaki lako."

"Mwali hasemi."

"Mwana, wewe ulikuwa unagombana na makondakta wa Msamvu mpaka wanakimbia ofisini!"

"Makondakta hawakunilea!" Nilimpokonya mkono wangu. "Unajua huyu ni nani kwangu? Mama amekufa mimi sijui kuvaa viatu vyangu mwenyewe. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni tukivuka mto, mvua ikinyesha, nisikose shule. Nilipofaulu alilia mbele za watu. Nifungue mdomo huu alioulisha nimwambie mwanao simtaki?"

Hafidhi alichukua kitambaa akaanza kunifuta vidole, kimoja kimoja, na kile alichokwisha kukifuta akakifuta tena.

"Unaogopa?" nikamuuliza. Hasira ilikuwa imeanza kunitoka bila ruhusa yangu.

"Tangu nilipopanda pikipiki pale Bigwa."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumlalia begani. Vyote viwili haviwezekani kwa mwali aliyefunikwa kanga. Nilikaa tu nimeshika kile kitambaa upande mmoja, yeye kakishika upande wa pili, wala hatukuvutana.

"Sijui utamwambiaje," alisema mwishowe. "Mimi singeweza kukufundisha hata kama ningejua. Ila nakupenda, na usiposema nitakupenda vilevile, na hilo ndilo linalonitia wazimu."

Viatu vya mjomba vilisikika mlangoni. Hafidhi alisimama na begi lake. Bi Pili alirudi mbio akanivuta kanga usoni.

"Fundi, ahsante sana," mjomba alisema. Alikuwa ameng'aa, anaonekana kijana. "Umenipunguzia mzigo mkubwa. Utakula hapa ndipo uondoke. Somo, mrudishe mwali ndani apumzike."

Bi Pili alinishika kwapa, akaniinua. Hatua ya kwanza niliipiga. Ya pili nikaipiga. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, nikaona kitanda, bakuli la liwa na kile kidirisha kilichopigiliwa wavu. Miguu ikakataa.

"Mjomba."

"Twende, mwali," Bi Pili akanisukuma.

"Mjomba, sitaki kuolewa na Abdi."

Bi Pili akacheka kicheko cha haraka. "Kikohozi hicho. Liwa imemkaba. Mwali kakohoa, jamani, msijali."

"Mimi sikusikia kitu," mzee mmoja alisema, akaanza kutafuta fimbo yake ambayo alikuwa ameishika.

"Nami sikusikia," mwingine akasema. "Masikio ya uzee."

Nilielewa. Walikuwa wananihurumia kwa namna yao. Walikuwa wananifungulia njia nirudi chumbani kama vile sijasema, na kesho hakuna ambaye angenikumbusha. Nikiipita njia ile, nimekwisha. Niliivua kanga kichwani mwenyewe kwa mkono wangu, nikageuka.

"Sijakohoa. Mjomba, umenilea, na nikifa nitakuwa sijakulipa. Lakini Abdi simtaki. Mashine imelia kwa sababu niliogopa. Nilinyamaza kwa sababu niliambiwa ninyamaze. Sikuridhia. Sitaridhia."

"Hakuna aliyesikia!" Bi Pili alikaribia kulia. "Jamani, mwali hajasema kitu. Sufiani, mwambie hajasema kitu."

Mjomba hakumtazama Bi Pili wala wazee. Alikuwa ameivua kofia yake, anaigeuzageuza mkononi. Ule ujana ulikuwa umemtoka wote. Nilimwona mzee, mzee kweli, mwenye ardhi aliyoilima na asiyejua atamwachia nani. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyoumia kwa ajili yangu, na bado sikurudisha neno langu.

"Faraja alinitazama hivi hivi," alisema polepole. "Siku ile. Alinitazama hivi hivi na mimi nikasema msichana ana haya." Aliivaa kofia. "Mimi nimesikia."

"Sufiani!"

"Nimesikia, Pili. Masikio ni yangu. Abdi hamuoi huyu." Akageuka kwangu na sauti ikawa kali. "Na sasa useme lote. Msichana hakatai tu hewani. Ni nani?"

Kumkataa Abdi ilikuwa moja, kumtaja mwanamume mbele ya wazee ilikuwa nyingine kabisa. Nilitazama sakafu. Nikasikia begi likiwekwa chini.

"Ni mimi, mzee," Hafidhi alisema.

Mzee mmoja alisema "Laa ilaha," akakaa. Bi Pili alishika kichwa.

Mjomba alimsogelea Hafidhi mpaka wakakaribiana pumzi. "Umeingia kwangu. Umekunywa chai yangu. Umemshika mpwa wangu mkono mbele ya macho yangu, ukaniita mzee wangu, ukijua."

"Ndiyo, mzee."

"Na hukusema."

"Niliogopa, mzee."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa zaidi. Lakini yeye ameshasema. Ningekaaje kimya?"

Nilidhani atampiga. Mkono wake ulipanda kidogo, ukashuka.

"Toka kwangu," mjomba alisema. "Beba vidude vyako, toka. Na wewe, ndani!"

Hafidhi alinitazama mara moja tu, jinsi mtu anavyotazama nyumba anayohamishwa, kisha akabeba begi akatoka. Mimi nilisukumwa chumbani. Nilianguka kitandani na uso wangu kwenye mto. Basi. Nimemkosa Abdi niliyekuwa simtaki na nimemkosa Hafidhi ninayemtaka, na bado niko ndani, na mjomba wangu hatanitazama tena kwa jicho lile la zamani. Nje nilisikia viatu vya Hafidhi vikinata kwenye tope, vinashuka kuelekea barabarani. Nikavisikiliza vikipungua.

"Wewe fundi!"

Ilikuwa sauti ya mjomba, kutoka barazani. Viatu vikasimama.

"Naam, mzee."

"Huko Gairo kwenu, una mjomba?"

Nilinyanyua kichwa. Bi Pili, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkono kwenye komeo, aliganda.

"Ninaye, mzee. Mjomba Twalibu."

"Mzima? Anatembea?"

"Mzima kabisa."

"Basi mimi na wewe hatuna mazungumzo. Mtoto hazungumzi na mtu mzima habari za kuoa. Mwambie yeye aje." Nikadhani kamaliza. "Na aje na mdomo wake. Hiyo mashine iache huko huko."

Bi Pili alinitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, akatoka na kuufunga mlango. Komeo likaingia kwa nje. Nami nilikuwa juu ya kitanda nimejisokomeza pindo la kanga mdomoni, nimelibana kwa meno, maana kigelegele kilikuwa kimeshanifika kooni na mwali hajipigii mwenyewe.